Keki ya chumvi: Mapishi ya Kifaransa yanayowezekana kwa jiko la makaa

NENO keki linapotajwa, fikira za wengi hukimbilia sukari, malai na sherehe za arusi. Nchini Ufaransa, hata hivyo, kuna keki isiyotiwa hata chembe ya sukari. Hukatwa vipande na kuliwa kabla ya mlo, pamoja na saladi, au hufungwa kwenye kikapu na kuliwa safarini. Ndani yake humo jibini, mboga, nyama au samaki, na wenyewe huiita keki ya chumvi.

Mapishi haya hayahitaji oveni ya umeme wala mashine ya kukorogea. Mtu aliyeko Muthara, katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, anaweza kuyafanya kwa jiko la makaa, sufuria mbili na vitu ambavyo aghalabu vimo nyumbani au vinapatikana sokoni. Ugumu uko kwingine. Mayai matatu, mafuta na maziwa si vitu vya kufanyiwa mchezo katika boma ambalo mayai huuzwa ili kununua sabuni na daftari za watoto. Keki ikididimia katikati, au ikiungua chini ilhali juu ni mbichi, hasara ni ya nyumba nzima. Mambo yanayoiharibu kwa kawaida ni matatu: kipimo kisicho sawa, vijazo vyenye majimaji, na moto usiotawaliwa. Anayeyamudu hayo hana la kuogopa.

Asili yake

Wafaransa walilikopa neno keki kutoka kwa Waingereza na kulitumia kwa keki ya umbo la mkate wa mstatili, hasa ile yenye matunda makavu. Ile ya chumvi ilikuja baadaye. Ilipata umaarufu mkubwa zaidi baada ya mwaka wa 2000, mpishi Sophie Dudemaine alipochapisha kitabu cha mapishi kiitwacho Les Cakes de Sophie, ambacho kiliingia katika jikoni nyingi za Ufaransa. Hadi leo mapishi mengi ya keki hiyo hufuata msingi ule ule: mayai matatu, unga gramu 150, mafuta na maziwa, jibini kidogo, kisha chochote apendacho mpishi.

Isichanganywe na kishi, chakula kingine cha Kifaransa chenye mayai na malai, ambacho humiminwa juu ya ganda la kinyunga. Keki ya chumvi haina ganda. Unga, mayai na vijazo huchanganywa vyote pamoja, na hiyo ndiyo sababu ni rahisi kuliko kishi kwa mtu anayeanza.

Wala wazo lenyewe si geni kabisa kwa Waswahili. Mwambao una mkate wa kumimina, ambao uji wake mzito wa mchele na nazi humiminwa chomboni na kuokwa kwa moto wa juu na chini. Una pia mkate wa mayai, ambao nyama ya kusaga na yai hufungwa ndani ya chapati nyembamba. Keki ya chumvi imekaa baina ya hiyo miwili: namna ya kupika ni ya mkate wa kumimina, na ladha inakaribia ile ya mkate wa mayai.

Kipimo

Keki moja huhitaji unga wa ngano gramu 150, mayai matatu, maziwa mililita 125, mafuta ya kupikia mililita 100, jibini iliyoparuzwa gramu 100, chumvi, pilipili manga, na beking pauda, ile poda ya kuumulia keki. Vijazo vilivyokwisha kupikwa visizidi gramu 200 au 250 kwa jumla. Kosa la ukarimu hutokea hapa. Mpishi huona bakuli lina nafasi, akaongeza nyama, akaongeza karoti, na mwishowe unga hauna nguvu ya kushikilia mzigo huo. Keki hutoka ikiwa bonge lisilokatika.

Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 250. Unga huo ni kikombe kimoja pamoja na vijiko vitatu vya mezani, uliopakuliwa kwa kijiko bila kushindiliwa. Maziwa ni nusu kikombe. Mafuta ni vijiko saba vya mezani. Vijazo ni takriban kikombe kimoja na nusu. Gorogoro, kipimo kinachoaminika sokoni kwa mahindi na maharagwe, halina kazi hapa. Keki haikubali kukadiriwa kwa macho.

Mayai nayo yana hesabu yake. Mapishi ya Kifaransa hukusudia mayai makubwa, kila moja likiwa na uzani wa gramu 55 au 60 hivi. Yai la kuku wa kienyeji kwa kawaida ni dogo kuliko hilo. Kwa hivyo mwenye mayai ya kienyeji atumie manne mahali pa matatu, la sivyo keki itakuwa kavu na itavunjika inapokatwa.

Unga wa ngano unaouzwa ukiwa tayari umetiwa kiumulio usiongezewe beking pauda. Jambo hili dogo limeharibu keki nyingi, kwani pakiti za aina hizo mbili hufanana, na mnunuzi asiyesoma maandishi hubeba yoyote iliyo karibu.

Kwa anayetumia unga wa kawaida, mapishi ya Ufaransa huagiza pakiti moja ndogo ya beking pauda ya gramu 11, takriban vijiko vitatu vidogo. Lakini kipimo hicho kilikusudiwa nchi za tambarare. Tigania, chini ya milima ya Nyambene, imepita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo uzito wa hewa inayokandamiza unavyopungua, na gesi inayotolewa na beking pauda hutanuka kwa wepesi zaidi. Keki huumuka upesi kabla haijashikana, kisha hudidimia. Wanaooka katika nchi za juu hupunguza hadi robo ya kila kijiko. Vijiko viwili vidogo na robo vinatosha, na maziwa yaongezwe kijiko kimoja cha mezani, kwa kuwa maji hukauka haraka zaidi huko juu.

Kuchanganya

Chekecha unga pamoja na beking pauda katika bakuli moja. Katika bakuli la pili pigapiga mayai kwa uma, tia mafuta, kisha maziwa yaliyopashwa moto hadi yawe vuguvugu. Maziwa yanayochemka yasitiwe, kwani yatapika mayai yangali bakulini. Mimina majimaji hayo juu ya unga na ukoroge kwa mwiko, mizunguko michache tu, hadi unga mkavu usionekane tena. Vidonge vidogo vikibaki si neno. Kukoroga kupita kiasi huamsha unato wa ngano, ule ule unaotakiwa katika chapati, na keki hutoka ngumu yenye matundu marefu.

Jibini hutiwa sasa, na vijazo hutiwa mwisho. Beking pauda huanza kazi mara inapokutana na majimaji, kwa hiyo mchanganyiko usikae ukisubiri makaa yakolee. Moto uwe tayari kwanza.

Moto

Katika nyumba zinazopikia jiko la makaa, oveni hutengenezwa kwa sufuria. Chagua sufuria kubwa, nzito, yenye kifuniko bapa. Tandaza ndani yake mchanga mkavu uliooshwa na kuanikwa, kimo cha sentimita mbili au tatu, au panga vijiwe vitatu vya kimo sawa. Mchanga una faida zaidi kwa kuwa huhifadhi joto na kulisambaza. Bila chochote chini, kitako cha keki hugusana na moto mkali na kuungua. Sufuria nyembamba ya alumini isitumiwe kwa kazi hii, kwa sababu hupinda inapopashwa moto mrefu bila maji.

Funika, uweke jikoni kwa dakika 15 kabla ya keki kuingia. Oveni ya umeme ingewekwa nyuzi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto anaweza kutumia hila ya tangu zamani: nyunyiza kijiko kidogo cha unga kwenye kisahani cha bati na ukiweke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukigeuka rangi ya hudhurungi hafifu baada ya dakika tano hivi, joto linafaa. Ukiwa mweusi katika dakika moja au mbili, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ngoja.

Siri kubwa imo katika mgawanyo wa makaa, nao ni ule ule wanaoujua waokaji wa mwambao: mengi juu ya kifuniko, machache chini. Makaa ya chini yatawanywe na kufunikwa jivu kidogo ili yasiwake kwa ukali. Anayepikia kuni juu ya mafiga asioke kwa miali. Asubiri kuni ziwe makaa, asogeze mengine pembeni na kupakua mengine juu ya kifuniko. Mwenye meko ya gesi hana moto wa juu, na keki yake itaiva lakini sura ya juu itabaki nyeupe. Si kasoro ya ladha. Vipande vinaweza kupakwa rangi baadaye kwa kukaangwa kidogo kwenye kikaango kikavu.

Chombo cha keki chenyewe ni bati la mkate lenye urefu wa sentimita 26 hivi. Likikosekana, sufuria ndogo ya upana wa sentimita 18 au 20 inatosha. Paka mafuta, nyunyiza unga, kisha kung'uta unga uliozidi. Usijaze zaidi ya theluthi mbili.

Baada ya keki kuingia, kifuniko kisiguswe kwa dakika 30. Udadisi wa mpishi na wa watoto waliozunguka jiko hupoza hewa ya ndani, na keki ambayo haijashikana hushuka papo hapo. Baada ya dakika 45, choma katikati kwa kijiti kikavu. Kikitoka na uji, funika tena kwa dakika 10. Kwa jiko la makaa, keki nyingi huiva kati ya dakika 45 na saa moja.

Kuna jambo moja ambalo si la ladha. Kuoka huchukua makaa mengi kwa muda mrefu, na makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, nayo huua. Kazi hii ifanyiwe nje au katika jiko lililo wazi pande mbili. Msimu wa baridi, ambapo watu huvutiwa kufunga milango na kuota moto wa keki, ndio wa kuogopwa zaidi.

Vijazo

Wafaransa hupenda nyama ya nguruwe iliyokaushwa na zeituni, au jodari wa mkebe na nyanya, au maboga madogo ya kijani na jibini ya mbuzi. Vyote hivyo vinaweza kupatikana katika maduka makubwa ya mjini. Lakini hakuna kitu katika kanuni za keki hii kinachodai zeituni. Kinachodaiwa ni kijazo kiwe kimeiva, kimepoa, na kimekauka. Maji yanayofichama ndani ya mboga hutoka wakati wa kuoka na kuigeuza keki kuwa uji katikati. Kabla ya kutiwa, vijazo vinyunyiziwe kijiko cha unga na kugeuzwageuzwa. Unga huo huvisaidia kushikilia mahali pake visizame chini.

Mchicha, ambao wengi Mlima Kenya huuita terere, unafaa kuliko sukuma wiki kwa sababu hulainika upesi. Uchemshe dakika mbili, uupoze, kisha uukamue kwa mikono miwili mara mbili au tatu. Atakayeukamua mara moja ataona tofauti keki itakapokatwa. Kaanga vitunguu hadi viwe na rangi ya dhahabu, changanya na mchicha, tia kungumanga kidogo ikiwapo. Managu yana uchungu wake ambao baadhi ya watu huupenda. Sukuma wiki ikitumiwa ikatwe nyembamba sana na vijiti vyake viondolewe.

Nyama ya kusaga ikaangwe bila maji, pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, karoti iliyoparuzwa na pilipili hoho, hadi mchuzi wote unywewe. Kuku aliyebaki jana anyofolewe mifupa na kukatwa vipande vidogo, mradi awe amehifadhiwa vyema na apashwe moto barabara kwanza. Viazi, ambavyo Kibirichia ni mashuhuri kwavyo, vichemshwe vikiwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na vichujwe vingali na ukakamavu.

Nafaka za jamii ya kunde ndizo huenda zikawafaa wenyeji zaidi, na hazitajwi sana na Wafaransa. Njahi au mbaazi zilizochemshwa bila kupondeka, zikachujwa na kukaangwa na vitunguu, bizari na dania, hutoa keki ya kushibisha isiyohitaji nyama. Mahindi mabichi yaliyochemshwa na kupukuchuliwa huleta utamu kidogo unaopatana vyema na pilipili.

Makadamia nayo hulimwa kwa wingi Meru na Embu. Wafaransa hutia jozi katika keki za jibini. Makadamia zilizokaangwa bila mafuta na kukatwakatwa hushika nafasi hiyo bila taabu. Parachichi, kwa upande mwingine, lisiokwe. Joto la muda mrefu hulitia uchungu. Likatwe na kuliwa kando ya keki.

Jibini ni tatizo la bei. Inaweza kutengenezwa nyumbani: chemsha lita moja ya maziwa yasiyotolewa malai, epua, tia maji ya ndimu moja au mbili polepole hadi maziwa yagande na maji yajitenge, kisha chuja kwa kitambaa safi na kukamua. Hupatikana gramu 150 au zaidi. Jibini hii haiyeyuki kama ile ya dukani na haina chumvi, kwa hivyo chumvi ya keki iongezwe hadi kijiko kidogo kimoja. Mwenye jibini ya dukani atie nusu ya hapo. Maji yanayobaki yasimwagwe. Yanaweza kukandia chapati.

Hesabu ya biashara

Mapato ya miraa katika Nyambene yameyumba zaidi ya mara moja. Uingereza ilipiga marufuku zao hilo Juni 2014, na Somalia ikalifungia mlango tangu Machi 2020 hadi Julai 2022. Si ajabu, basi, kwamba shughuli ndogo za chakula huzungumzwa sana na wanaotafuta njia ya pili ya kipato.

Kabla ya kuingiza keki ya chumvi sokoni, hesabu ifanywe kwa vifaa vinavyonunuliwa kwa jumla. Trei moja ya mayai 30 hutoa keki kumi. Kwa hizo kumi, lita moja ya mafuta inatosha kabisa, maziwa ni lita moja na robo, na unga ni kilo moja na nusu, yaani pakiti ya kilo mbili hubakiza. Kila keki hutoa vipande kumi vya unene wa sentimita mbili na nusu, hivyo jumla ni vipande 100. Mtu akijumlisha bei za siku hiyo, akaongeza jibini, vijazo na makaa, kisha akagawanya kwa 100, atajua kipande kimoja kimemgharimu nini. Bei ya unga izingatiwe kila mara. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, licha ya mashamba ya Timau katika kaunti hii hii, na vita vya Ukraine mwaka wa 2022 vilionyesha jinsi pakiti ya dukani inavyoweza kupanda kwa sababu ya mambo ya mbali.

Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni muda. Sufuria moja huoka keki moja kwa saa. Keki kumi ni siku nzima ya kukaa kando ya makaa, na bila sufuria tatu au nne, au oveni ya pamoja ya chama, faida huishia kwenye moto. Muuzaji pia hutakiwa kuwa na cheti cha afya cha anayeshughulikia chakula na leseni ya kaunti.

Kuhifadhi

Keki iachwe ndani ya bati dakika 10, kisha itolewe na kupozwa juu ya wavu au vijiti ili kitako kisitoe jasho. Ikatwe kwa kisu cha meno ikiwa imepoa. Ikiwa moto hubomoka, na wageni wenye haraka ndio hubaki na makombo.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya jokofu. Keki yenye nyama, kuku au samaki isiwekwe kwenye mkoba wa mwanafunzi anayekwenda bweni, hata kama mzazi ana hamu ya kumfurahisha. Katika jokofu, ikifungwa vyema, hukaa siku mbili au tatu. Vipande vilivyokauka hukaangwa kwenye kikaango bila mafuta, dakika mbili kila upande, na kuliwa na chai asubuhi.